Vikombe vya Mazingaombwe na Hasara ya Kung'arisha

Askari yeyote aliyepitia mafunzo anaijua kazi ya kung'arisha shaba. Kifungo, bizimu ya mkanda na nembo ya kofia hupakwa dawa, husuguliwa kwa kitambaa, wala havikubaliwi mpaka mkaguzi auone uso wake ndani yake. Tabia hiyo humfuata mtu hadi nyumbani, na ndiyo maana katika nyumba nyingi za askari masinia na mabirika hung'aa kuliko ya majirani. Lakini hebu msomaji aitazame nembo kongwe ya King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902 na kuchukua vijana wengi wa Nyasaland, nchi ambayo leo ni Malawi. Nembo iliyosuguliwa kila asubuhi kwa miaka mingi huwa laini kama kokoto ya mtoni, na maandishi yake hayasomeki tena. Dawa ya kung'arishia haiondoi uchafu peke yake. Kila mara huondoka na chembe ya shaba yenyewe.

Kwa nembo ya jeshi hasara hiyo ilikuwa sehemu ya amri. Kwa chombo cha ukumbusho hakuna amri, na anayekiharibu hujiharibia mwenyewe. Jambo hilo liliifika familia moja iliyoko Dzaleka, kwa ajili ya vikombe vitatu vya shaba.

Dzaleka iko katika wilaya ya Dowa, mwendo usiozidi kilomita 50 kaskazini mwa Lilongwe. Zamani palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa, na tangu mwaka 1994 ni makazi ya wakimbizi. Palikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000; sasa wamo zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, hata mgeni anayejua Kiswahili hapati taabu kununua chumvi wala kuuliza njia.

Mwenye vikombe ni bibi mmoja mjane, mzaliwa wa Katanga. Marehemu mumewe alikuwa akicheza mazingaombwe katika mitaa ya Lubumbashi, na vikombe vyake vilifuliwa kwa nyundo na mhunzi wa huko kutokana na bamba la shaba nyekundu. Si ajabu, kwani Katanga ni nchi ya shaba, ambako misalaba ya madini hayo ilitumika kama fedha kabla hata ya Wazungu kufika. Mchezo wenyewe kila mtu ameuona, angalau shuleni. Vikombe vitatu hufudikizwa juu ya jamvi, vitufe vitatu huwekwa, na mara kitufe kilichokuwa chini ya kikombe hiki huonekana chini ya kile. Ni mchezo wa zamani mno. Seneca, mwandishi wa Roma aliyeishi karne ya kwanza, aliutaja katika barua yake mojawapo, akasema kwamba raha yake imo katika kudanganywa, na kwamba akiisha ijua hila hatakuwa na hamu nayo. Katika Port Said, kwenye mlango wa Mfereji wa Suez, Wamisri walioitwa "gali-gali" walipanda melini na vikombe vyao na vifaranga vya kuku, wakawachezea abiria, ambao baadhi yao walikuwa safarini kuja Mombasa na Dar es Salaam.

Yafaa kukumbusha hapa kwamba mazingaombwe si uchawi. Katika Malawi sheria ya uchawi ya mwaka 1911 inamtia hatiani hata yule anayemwita mwenzake mchawi, na marehemu yule, asemavyo mjane wake, hakuanza mchezo popote bila kwanza kuwaambia watazamaji kwamba watadanganywa na vidole tu.

Familia hiyo ilikuwa imehamia Lilongwe na kufungua kibanda cha biashara ndogo. Mwezi Machi 2023 serikali iliamuru wakimbizi wote waliokuwa wakiishi mijini warejee Dzaleka, na katika haraka ya kufunga mizigo vikombe vilitiwa ndani ya gunia moja pamoja na masufuria na mchi wa kinu. Vilipotolewa, kimoja kilikuwa kimebonyea ubavuni, cha pili kimepinda mdomo, na cha tatu kilikuwa na vyote viwili. Havikuingiana tena. Na kikombe cha mazingaombwe kisichoingiana na wenzake ni sawa na bunduki isiyopokea risasi, maana vikombe hivi hupimwa ili kimoja kikae juu ya kingine na kuacha nafasi ndogo katikati. Kazi ya nafasi hiyo haitaelezwa katika ukurasa huu. Wenye mchezo wanaila riziki kwa siri hiyo.

Tatizo lilizidishwa na shida ya fedha. Mjukuu wa yule bibi alidaiwa ada ya mtihani wa kidato cha nne, na mfanyabiashara mmoja wa mjini alikuwa amekwisha sema kwamba angevinunua vikombe vyote vitatu kupamba duka lake, kwa sharti vinyooshwe na ving'ae. Bibi akapata kibali, akaenda Lilongwe kwa fundi wa mabati aliyemfahamu tangu siku za kibanda. Fundi alimpokea kwa adabu, akamwita "agogo", kama ilivyo desturi ya Wachewa kwa mtu wa umri wake, akamwambia asubiri kivulini. Kwa bahati alianza na kimoja tu.

Alichofanya ndicho mafundi wengi wangefanya. Alikitia kikombe motoni mpaka kikaiva wekundu hafifu, akakizamisha majini, akakigonga juu ya chuma, kisha akakisugua kwa msasa na dawa. Shaba nyekundu ina tabia yake: ikigongwa huwa ngumu, na ikipashwa moto namna hiyo hurudi kuwa laini. Kwa anayefua sufuria jipya huo ni msaada mkubwa. Kwa kikombe kilichokwisha kamilika ni hasara, kwa sababu ugumu uliotiwa na nyundo ya mhunzi wa kwanza huondoka, na kikombe hubonyea hata kikiangushwa mkekani. Zaidi ya hayo kilikuwa kimepanuka kidogo kwa kule kugongwa, basi hakikuwatosha wenzake. Msasa ulikuwa umefuta alama za nyundo za Lubumbashi, na chini ya kitako ule mkwaruzo mmoja ambao marehemu aliutia kwa kisu ili kukitambua kikombe cha kwanza haukuonekana tena. Kiling'aa kama jua. Bibi alikitazama, akamlipa fundi, akavifunga vile viwili katika kanga na kuondoka navyo kama vilivyo.

Vikombe viwili vilivyosalia vilitengenezwa kambini, na seremala ambaye hajawahi kufua shaba. Huenda hiyo ndiyo sababu hakuwa na haraka. Alipima upande wa ndani ulio mzima, akachonga kigogo cha mninga, mti ambao Wamalawi huuita mlombwa, kwa umbo la ndani ya kikombe, akakivika ngozi laini. Kisha alikisukuma kikombe juu ya kigogo na kuyakandamiza mabonyeo kutoka ndani kwenda nje kwa mkono na kwa kipande cha mti cha mviringo, kidogo leo, kidogo kesho, pasipo moto. Nyundo ya mti aliitumia mahali pawili tu. Kila jioni vikombe vilijaribiwa vyenyewe kwa vyenyewe, na palipogusana alipatia alama ya makaa ya mkwaju yafutikayo kwa kitambaa. Kazi ilichukua majuma matatu. Makunyanzi machache yalibaki, na seremala alikataa katakata kuyafukuza, akisema kwamba shaba ikichoshwa hupasuka. Alisema kweli.

Usafishaji nao una adabu zake. Akina mama wengi husugua shaba kwa majivu na ndimu au kwa ukwaju, na kwa sinia la kila siku si vibaya, mradi lisuuzwe mara hiyo hiyo. Lakini majivu hukwaruza, na tindikali ya ndimu, hasa ikichanganywa na chumvi, hula uso. Katika shaba ya manjano, ambayo ni mchanganyiko wa shaba na zinki, zinki hutangulia kuondoka, na chombo hubaki na mabaka ya rangi ya waridi yasiyoondoka tena. Kikombe cha kale chahitaji maji ya vuguvugu, sabuni kidogo isiyo kali, kitambaa cha pamba, na kukaushwa papo hapo. Rangi ya kahawia iliyokizunguka si uchafu. Ni utando ambao shaba yenyewe imeufanya na unaoikinga. Wenye kukusanya vikombe hivi huko Ulaya na Marekani huutafuta utando huo kabla ya kutaja bei, na kikombe kilichosuguliwa hadi kung'aa aghalabu hukiona kimepungua thamani.

Utando wa kijani ni jambo jingine. Ukiwa mgumu na umetanda sawasawa, uachwe. Ukiwa ni vitone vyepesi vyenye unga, shaba inaliwa, na unga huo hauna budi kuondolewa kwa kijiti cha mti kilichochongoka, pakiwa pakavu, kisha kikombe kihamishwe mahali pasipo unyevu. Kama mtu hajui chombo chake ni cha madini gani, achukue sumaku: shaba nyekundu na shaba ya manjano hazishikwi. Kikishikwa, ndani ni chuma kilichopakwa tu, na kukisugua kutakifikisha upesi kwenye kutu.

Mahali pa kuweka nako kuna habari itakayowavutia wanajeshi. Zamani huko India jeshi la Waingereza lilihifadhi risasi katika mazizi ya farasi wakati wa mvua za masika, na maganda yake ya shaba ya manjano yakaonekana yamepasuka yenyewe, bila kupigwa. Mwaka 1921 wataalamu walieleza kwamba mvuke wa amonia utokao katika mkojo wa farasi, ukikutana na unyevu, huipasua shaba ya manjano iliyovutwa au kufinyangwa kwa nguvu na kubaki na mkazo ndani yake. Vikombe vya shaba hiyo hutengenezwa kwa nguvu za namna hiyo hiyo. Basi visiwekwe karibu na banda la kuku wala choo, hasa kati ya Novemba na Aprili mvua zinaponyesha Malawi. Visifungwe kwa mpira, ambao salfa yake hutia weusi, wala visitiwe katika mfuko wa plastiki vikiwa na umande. Kitambaa cha pamba kilichofuliwa na kusuuzwa vizuri, kisicho na wanga, chatosha, na kila kikombe kiwe na chake. Baada ya mchezo vifutwe, kwa kuwa jasho la mikono lina chumvi.

Neno moja kwa wenye watoto: kikombe cha shaba nyekundu kisichopakwa bati ndani si cha kunywea. Thobwa, togwa au maji ya ndimu vikikaa humo huiyeyusha shaba, na mtoto akinywa hutapika.

Mfanyabiashara hakuvinunua vikombe, maana viwili havikung'aa na cha tatu hakikuingiana. Ada ya mtihani ilipatikana kwa kuuza kuku na vitenge viwili vya bibi, na kijana alifanya mtihani wake. Siku za Jumamosi hutandika jamvi karibu na soko la Dzaleka na kucheza kama babu yake alivyomfundisha. Kikombe kilichopitishwa motoni kimewekwa katikati, ambako mchezo hauhitaji kukiingiza ndani ya wenzake, na seremala amekichongea mkwaruzo mpya chini ya kitako. Watoto hukichagua kila mara kwa kuwa ndicho chenye kung'aa, na kitufe hakimo. Bibi amemkataza mjukuu wake kukisugua. Mdomoni, pale vidole vinaposhika, kimeanza kuwa kahawia.