Riwaya Kwanza, Filamu Baadaye

Kwa sisi tukaao Madogo, ng'ambo ya daraja la Mto Tana tukielekeana na Garissa, filamu ya Vuta N'Kuvute, aliyoiongoza Amil Shivji na ambayo ilionyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021, haifai kutufikia kabla ya riwaya yenyewe, aliyoitoa Adam Shafi mwaka 1999. Kwani yule Yasmin, aliyeozwa angali kigoli kwa mwanamume aliyempita mno kwa umri, akamkimbia na kisha akakataliwa na jamaa zake, aghalabu dhiki yake imo moyoni, na huko kalamu hupenya kwa wepesi kuliko kamera. Ni kweli kwamba msomaji hujichorea nyuso zake, na waigizaji wakaja kuzifuta. Hata hivyo mimi, niliyeanza kumpenda Siti Amina kwa uimbaji wake, nilipomwona katika nafasi ya Mwajuma, rafiki yake Yasmin, yule wangu wa kitabuni alinitoka, wala sikuhuzunika. Basi, walimu wetu, lau shule ina nakala moja tu, isomeni darasani kwa sauti, ndipo vijana waitafute filamu.