Kutetea Ubishi wa Wapenzi wa Muziki

Iko dharau moja ambayo tumeisikia mara nyingi katika vyumba vya walimu, nayo hutolewa kwa kicheko: kwamba watu wazima wanaokesha wakibishana ni albamu ipi iliyo bora kupita zote katika albamu za bendi fulani ya roki ni watu waliokosa kazi. Mfano unaopendwa ni ule wa wapenzi wa Genesis, bendi ya Uingereza. Hao wamelibishania jambo hilo tangu miaka ya sabini, na hata baada ya bendi yenyewe kupiga onyesho lake la mwisho mjini London mwezi Machi 2022, hawajapatana. Wenzetu husema: nusu karne ya maneno, na hakuna hata debe moja la mahindi lililovunwa.

Sisi twasema dharau hiyo haina msingi. Kuisikiliza kazi ya sanaa mara kumi, kuilinganisha na nyingine ya watu wale wale, kisha kusimama mbele ya wenzako na kutoa sababu za kuipenda zaidi moja kuliko nyingine, ndiyo kazi ile ile tunayowataka wanafunzi wetu waifanye kila tunapowapa riwaya au diwani waihakiki. Walakini iko namna ya kubishana inayoiua kazi hiyo, na wapenzi wa Genesis wamekuwa mabingwa wake. Kwa hiyo tutawatetea, na papo hapo tutawakemea.

Msomaji asiyeijua bendi hii na tumweleze kwa ufupi. Genesis ilianzishwa mwaka 1967 na vijana wa sekondari, wanafunzi wa Charterhouse, shule ya bweni ambako matajiri wa Kiingereza huwapeleka watoto wao. Miongoni mwao walikuwamo Peter Gabriel, mwimbaji na mpiga filimbi. Tony Banks, mpiga kinanda. Na Mike Rutherford, mcharaza gita la besi. Phil Collins, mpiga dramu, aliingia mwaka 1970, na Steve Hackett akaja na gita lake mwaka 1971. Muziki wao ulikuwa wa mkondo ulioitwa roki ya progresivu, yaani roki iliyochoshwa na wimbo wa dakika tatu. Wapigaji wa mkondo huo waliazima mpango wa tungo ndefu za muziki wa kale wa Ulaya, wakabadilisha mapigo katikati ya wimbo, wakasimulia visa virefu. Katika albamu yao ya "Foxtrot" ya mwaka 1972 umo wimbo mmoja wenye sehemu saba unaochukua karibu dakika 23, yaani karibu upande mzima wa santuri. Muziki wa namna hiyo hausikilizwi huku mtu anapiga pasi.

Mwaka 1975 Gabriel aliiacha bendi. Tangu hapo ubishi wote umepigiwa mstari kwenye mwaka huo, na watu wamejipanga huku na huku kama wanaogombea mpaka wa shamba.

Kundi la kwanza, ambalo ndilo lenye kelele zaidi, hushikilia kwamba Genesis ilikufa siku ile, na kwamba yote yaliyofuata ni biashara ya watu waliobaki na jina. Kwao albamu bora haiwezi kutoka nje ya zile za Gabriel, na wengi wao huichagua "The Lamb Lies Down on Broadway" ya mwaka 1974: santuri mbili katika jalada moja, zenye kisa cha Rael, kijana wa asili ya Puerto Rico anayetangatanga katika New York ya ndoto na vitisho. Gabriel ndiye aliyeyaandika karibu maneno yote ya kisa hicho. Kuipenda kazi hiyo si kosa, maana ina nguvu zake. Kosa limo katika hoja. Ukiwauliza kwa nini ni bora, watakujibu kwamba ndiyo iliyo yake Gabriel zaidi. Huo ni utii kwa mtu, wala si uhakiki wa kazi. Mwanafunzi akituandikia kwamba tenzi fulani ni bora kwa kuwa mtunzi wake ni mashuhuri, je, tutampa alama?

Tena hoja hiyo inakanushwa na santuri zenyewe. Chukua "Selling England by the Pound" ya mwaka 1973, ambayo wafuasi wa Gabriel huihesabu kuwa mali yao. Karibu na mwisho wake umo wimbo uitwao "The Cinema Show". Nusu yake ya pili haina neno hata moja. Ni kinanda cha Banks kinachotembea juu ya gita la Rutherford na dramu za Collins, kwa hesabu ya mapigo saba saba badala ya yale manne manne tuliyoyazoea, kikipanda na kupanda mpaka msikilizaji asahau kwamba kulikuwa na mwimbaji. Hapo Gabriel na Hackett wamenyamaza. Na hao watatu wanaosikika ndio wale wale waliobaki peke yao katika bendi tangu 1977, Hackett naye alipoondoka, ambao kundi la kwanza huwaita wachuuzi. Wakiwa watatu katika mwaka wa 1973 ni mabingwa. Wakiwa watatu katika mwaka wa 1978 ni wachuuzi. Mtu anayesema hivi hakusikiliza kwa masikio. Alisikiliza kwa kalenda.

Aidha, isisahaulike kwamba albamu ya kwanza baada ya kuondoka kwa Gabriel, "A Trick of the Tail" ya mwaka 1976, ilipanda hadi nafasi ya 3 nchini Uingereza, nafasi ile ile iliyofikiwa na ile ya 1973. Bendi ilitafuta mwimbaji mpya miongoni mwa watu wengi waliojaribiwa, na mwishowe Collins akaimba mwenyewe. Nyimbo ni ndefu, mapigo yanageuka, visa vinasimuliwa. Anayetaka kuiweka chini ya nyingine ana haki, ila atuonyeshe ni wapi inapolegea.

Kundi la pili halituchukulii muda mrefu. Hili huhesabu mauzo. Kwao bora ni "Invisible Touch" ya mwaka 1986, kwa kuwa wimbo wake wenye jina hilo ulishika nafasi ya 1 nchini Marekani. Kama hesabu ya fedha ndiyo kipimo cha sanaa, basi tuvunje idara za fasihi na kazi yote tuwakabidhi wahasibu. Hata hivyo tuwe waadilifu: wimbo mfupi unaopendwa na wengi si dhambi. Mwaka 1974, Gabriel angali kundini, Genesis walipata wimbo wao wa kwanza kuingia katika orodha ya mauzo ya Uingereza, tena ukatoka katika albamu hii hii ya 1973 inayosifiwa kuwa haikujali soko. Unamhusu kijana mkata majani, asiye na tamaa ya makuu, anayejua anachokipenda. Mchoraji Betty Swanwick alikuwa na picha ya mtu aliyelala kwenye benchi la bustani. Bendi ikamwomba aongeze mashine ya kukatia majani, naye akaiongeza, na picha hiyo ndiyo iliyo juu ya jalada.

Msomaji ameshatambua tunaelekea wapi. Kwa maoni yetu albamu bora ya Genesis ni hiyo ya 1973, nasi hatutaki kujificha nyuma ya maneno kama "kila mtu na ladha yake", ambayo ni kimbilio la wavivu. Jina lake lina maana mbili ambazo Kiswahili kinazigawa: kuiuza Uingereza kwa ratili, au kuiuza kwa pauni. Wimbo wa kwanza unaanza kwa sauti ya Gabriel pekee, bila ala yoyote, kwa mahadhi yanayokumbusha nyimbo za kale za mashambani kwao. Kisha ala zinaingia moja moja, na ule utulivu wa kale unafunikwa na ghasia ya nchi inayojinadi dukani. Hapa maneno na muziki vinasema jambo moja. Katika "The Lamb", kinyume chake, mara nyingi maneno yanakimbia mbele na muziki unayafuata kwa nyuma ukihema.

Lakini ushahidi wetu mkubwa ni "Firth of Fifth". Banks alikuwa ameuleta wimbo huo kwa wenzake wakati wa kutengeneza "Foxtrot", wakaukataa. Akarudi nao baadaye akiwa ameutengeneza upya. Unaanza kwa piano peke yake, kwa mapigo yanayoteleza kila unapodhani umeyashika. Maneno yanaimbwa, yanapita, na kusema kweli si maneno ya kukumbukwa sana. Halafu inakuja filimbi ya Gabriel na mahadhi mafupi, ya upole, kana kwamba ni jambo dogo. Kinanda kinarudia yale ya piano ya mwanzo kwa nguvu zaidi. Ndipo gita la Hackett linapoyachukua yale mahadhi madogo ya filimbi na kuyavuta, sauti moja ikishikiliwa hata mtu ashikwe na kiu ya kusikia inayofuata. Tulichodhani kilipita kama pambo tu, kumbe kilikuwa mbegu ya wimbo mzima. Hakuna aliye mkubwa hapo: mmoja kabuni, mwingine kapuliza, wa tatu kacharaza. Hicho ndicho kiini cha bendi, na hakuna albamu nyingine yao inayokidhihirisha hivyo.

Ina dosari? Inayo. "The Battle of Epping Forest", wimbo juu ya magenge ya wahuni wa London wanaogombea maeneo, umejazwa maneno mpaka ala hazina pa kupumulia. Tunaukubali udhaifu huo bila kushurutishwa, na tunawaomba wafuasi wa "The Lamb" nao wataje wa kwao.

Sasa atainuka mtu aulize: yote haya yametuhusu nini sisi? Ni swali la haki, na jibu lake si la kubuni. Mwezi Julai 1982, huko Shepton Mallet, Gabriel na wenzake walifanya tamasha la kwanza la WOMAD, lililokusudiwa kuwasikilizisha Waingereza muziki wa mataifa mengine. Wapiga ngoma wa Burundi walikuwapo. Tamasha lilisifiwa, lakini fedha zilipotea na madeni yakawa makubwa. Tarehe 2 Oktoba mwaka ule ule, Banks, Rutherford na Collins walipanda jukwaani pamoja na Gabriel huko Milton Keynes, mvua ikinyesha, ili kumsaidia kulipa deni hilo. Hackett naye akajiunga nao mwishoni. Gabriel aliletwa jukwaani ndani ya jeneza, dhihaka kwa wale waliokuwa wamehubiri kifo cha bendi kwa miaka saba. Na waliolipa viingilio walikuwa nani, kama si hao hao wabishi?

WOMAD ikaendelea. Kampuni ya santuri ya Real World, iliyotokana na juhudi hizo, ilitoa mwaka 1989 albamu ya Remmy Ongala na Orchestra Super Matimila, "Songs for the Poor Man", na mwaka 1992 ikatoa nyingine, "Mambo". Ongala, mzaliwa wa mashariki ya Kongo aliyefanya Dar es Salaam kuwa kwake, alifariki mwezi Desemba 2010. Aliombolezwa sana, akasifiwa sana. Lakini tuliwahi kuuliza darasani ipi kati ya albamu hizo mbili ni bora, na kwa sababu gani. Tulichopata ni sifa za marehemu. Katika darasa lile lile alikuwamo kijana aliyeweza kuzitaja albamu za Genesis kwa mfuatano, pamoja na mwaka wa kila moja.

Hatumlaumu kijana huyo. Wapenzi wa Genesis wanaweza kubishana kwa kuwa kila santuri yao ina jina, mwaka, na majina ya waliopiga. Nyimbo nyingi za bendi zetu zilirekodiwa Radio Tanzania na kuwekwa katika kanda, wala hazikupangwa katika albamu. Mbaraka Mwinshehe aliiacha Morogoro Jazz mwaka 1973 akaunda Super Volcano, akafariki kwa ajali nchini Kenya mwezi Januari 1979. Huo ni mstari ulio wazi kama ule wa 1975. Je, gita lake lilistawi alipoondoka, au lilipungukiwa na wenzake wa zamani? Anayetaka kujibu lazima kwanza atafute ni wimbo upi ulirekodiwa lini na nani, na orodha hiyo shuleni kwetu haipo. Itengenezwe, hata kwa kuanza na nyimbo ishirini zilizoandikwa ubaoni.

Kwa upande wa Ongala tumeshaanza. Sisi twaishikilia ile ya 1989: magita yanajibizana bila haraka, nyimbo zinapewa muda wa kuiva, na Kiswahili kinabeba kila kitu, ilhali katika ile ya 1992 Kiingereza kimepenya katika baadhi ya nyimbo na kila kinapoingia mwimbaji anaonekana kuvaa koti la kuazima. Mwenzetu mmoja, mwalimu wa hesabu, amekataa kabisa. Anasema katika "Mambo" bendi imekazana zaidi, na kwamba sisi tunachukia lugha badala ya kusikiliza muziki, kosa lile lile tulilowakemea nalo wengine. Tumempa wiki moja alete wimbo anaoutegemea.