Mboga ya Uani ni Akiba ya Nyumba

Iguguno, kata ya Wilaya ya Mkalama katika Mkoa wa Singida, hupata msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka, takriban kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Miezi iliyobaki ni ya jua na upepo. Ndiyo maana wakazi wa nyanda hizo za kati tangu zamani wamekuwa wakikausha mboga za majani wakati wa neema, wapate kitoweo wakati wa ukame.

Tunaitaja Iguguno kwa makusudi. Sisi wa visiwani tumejaaliwa masika na vuli, lakini vitunguu, nyanya na mbatata nyingi katika masoko yetu huvuka bahari kutoka Bara. Kila fungu tunalonunua limebeba nauli ya lori na ya chombo.

Na tufanye hesabu. Nyumba inayotumia shilingi 500 kila siku kwa mboga hutoa shilingi 182,500 kwa mwaka. Fedha hizo zingenunua sare na madaftari ya watoto. Mchicha huvunwa baada ya wiki 3 au 4. Matembele huota kwa kipande cha shina. Mpapai ukitunzwa huzaa baada ya mwaka mmoja hivi. Asiye na kiwanja aweza kupanda katika gunia lililojazwa udongo na samadi, akanyweshea maji yaliyooshea mchele.

Hatumlaumu mama anayeteka maji mbali. Penye ndoo moja, watu hunywa kwanza, kisha mche. Hapo ndipo wajibu wa Serikali unapoanza. Azimio la Siasa ni Kilimo lilipotolewa Iringa mwaka 1972, wananchi walihimizwa kulima. Lakini himizo peke yake halioteshi mbegu. Tunawaomba viongozi wa Mkalama, sawa na wale wa Unguja na Pemba, wahakikishe kwamba kisima kikiharibika kinatengenezwa mapema, kwamba mbegu safi zinapatikana kwa bei nafuu, na kwamba mabwana shamba na mabibi shamba wanafika hata kwenye nyua za watu, si katika mashamba makubwa tu.

Nasi wananchi tusikae kungoja. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kila mwenye uwanja na aanze na tuta moja kabla ya vuli.