Mtutu mrefu haufikishi risasi mbali

Kila kikundi cha peintiboli kina yule msee anayeingia uwanjani na mtutu wa inchi 16, anatembea kama mdunguzi wa sinema. Ati wenye mitutu ya inchi 10 hawamfikii. Wapi! Huyo ameuziwa mwonekano.

Risasi ya rangi husukumwa na hewa iliyobanwa, na sehemu kubwa ya msukumo huo huisha mapema ndani ya mtutu. Inchi zinazobaki huongeza msuguano tu. Halafu kuna kikomo cha kasi: viwanja vingi duniani haviruhusu kupita futi 300 kwa sekunde, karibu mita 91. Risasi mbili zinazofanana zikitoka kwa kasi moja na pembe moja, zinaangukia palepale. Mtutu mrefu wenye matundu hupunguza kelele, hilo nakubali. Wa kipekee ni ule unaozungusha risasi kinyumenyume, kama Flatline ya Tippmann. Huo kweli unaongeza umbali, lakini risasi hufika imechoka, mara nyingi inadunda bila kupasuka.

Shabaha nayo inaanzia kwa risasi yenyewe. Inaitwa kaliba 0.68, kama milimita 17, ila ukubwa hutofautiana. Ganda lake ni jelatini, na jelatini hunywa unyevu. Ukiacha pakiti wazi kwenye joto la Mombasa, risasi zinavimba na kupoteza umbo. Risasi isiyo duara haiendi moja kwa moja, hata ukiwa na mtutu wa bei ya pikipiki.

Bunduki ikiwa haina hewa wala risasi, fungua mtutu, utie risasi moja upande wa nyuma. Ikiteleza hadi ng'ambo, mtutu ni mpana mno. Ikikaa, kisha ukipuliza kidogo itoke, hapo sawa. Na risasi ikipasukia ndani, safisha mtutu kabla ya kulaumu macho yako.

Kinachoniudhi ni wale wanaokosa umbali, wakaanza kuongeza kasi kisirisiri. Risasi hiyo inaweza kung'oa jicho la mtu. Uwanja usio na kifaa cha kupima kasi haufai kukuchukulia hata shilingi moja. Uliza kifaa kiko wapi kabla hujalipa. Wakianza kukuzungusha, rudi na doo yako. Na kama unayo ya ziada, nunua barakoa nzuri na risasi mpya. Mtutu utangoja.