Acheni kufunga dirisha!

Wadau, leo naongea kwa ukali kidogo, mnivumilie.

Kuna ugonjwa umeingia kwenye makundi yetu ya projekti. Mtu anaandika git commit, skrini inabadilika, alama za ~ zimejipanga kushoto, akibonyeza herufi haziandiki. Anamwita mtaalamu wa kundi. Mtaalamu anasemaje? "Funga dirisha tu, siku nyingine weka -m." Basi, somo limeisha! Hivi huko ni kufundisha jamani?

Sisi tunaosomea ualimu tunalijua kosa hili: kumpa mtu jibu na kumnyima sababu. Na sababu yenyewe fupi tu. Git haina kihariri chake. Inatafuta ulichochagua wewe: GIT_EDITOR, halafu core.editor, halafu VISUAL, halafu EDITOR. Ikikosa vyote inafungua vi, na mara nyingi hiyo vi ni Vim. Humo kuna hali ya amri na hali ya kuandika, na unaanzia kwenye amri. Kwa hiyo bonyeza i, andika, bonyeza Esc, kisha :wq na Enter. Umeghairi? :cq, komiti haifanyiki. Msikariri :q! peke yake, maana kwenye --amend ujumbe wa zamani unabaki na komiti inapita kama kawaida.

Na huko kufunga dirisha kunaacha faili la .swp, kesho unakutana na onyo la E325 unaanza kulia upya.

Vim huitaki? Hakuna anayekulazimisha:

git config --global core.editor nano

Wa VS Code andikeni "code --wait". Bila --wait, Git inadhani umeshamaliza, inakuta ujumbe mtupu, inakataa komiti.

Wengine watasema -m inatosha. Kwa badiliko dogo, sawa kabisa. Lakini anayekiogopa kihariri anaishia kuandika "fix", "fix2", "mwisho", "mwisho kabisa". Programu ikigoma usiku wa kuamkia presentesheni, mnafungua git log na haisemi kitu! Nani alibadilisha nini mnaona, kwa nini alibadilisha hakuna anayejua. Hapo ndipo lawama zinamwangukia yule mpole asiyejua kujitetea. Kihariri kingempa nafasi: mstari wa kwanza mfupi, mstari mtupu, halafu sababu zake zote.

Na mnaosema Vim ni mambo ya Wazungu, taarifa tu: Bram Moolenaar, aliyeitoa 1991 na kufariki 2023, hakudai hela. Aliwaomba watumiaji wawachangie watoto wa Kibaale, hapo Uganda kwa majirani.

Kwa hiyo, nyie wataalamu wa makundi: mwenzako akikwama, mpe dakika mbili za maelezo. Kama huwezi kueleza, basi na wewe hujui, unabahatisha tu.

Nawakilisha.