Nani Asimulie Habari za Eastlands?

Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii hunijia mara kwa mara, kwani mimi ni mkaaji wa Eastlands, na kila nisomapo habari zetu naona kwamba wengi wanaozitoa hawajapata kukilalia kitanda chetu. Wao hufika panapo mauaji, moto au mafuriko, kisha hurejea mjini.

Je, Kaloleni, Bahati, Jericho, Dandora na Mathare hazina lingine la kusimuliwa? La hasha! Tuna mipira, arusi, makwaya na mafundi wa jua kali wa Kamukunji. Dandora ndiko walikotoka Kalamashaka, vijana walioipa rap ya Kiswahili heshima nchini katika miaka ya 1990.

Wenyeji wenyewe wamekwisha kujaribu kujisimulia. Mwaka 1997 vijana wa MYSA, chama cha michezo cha Mathare, walipewa kamera wakapiga picha za maisha yao katika mpango ulioitwa Shootback. Mwaka 2006 vijana wa Korogocho walianzisha redio yao, Koch FM, ndani ya kontena la chuma. Hawa hawakungoja mgeni aje kuwasemea.

Lakini wenyeji peke yake hautoshi. Lililo gumu ni kuchagua: tutangaze nini, tuache nini? Nionavyo mimi, chombo cha mtaa kinachotoa muziki na michezo tu ni ngoma ya kupitishia wakati; na kinachotoa dhiki tu huwachosha watu wakakikimbia. Yafaa vichanganywe. Mama huja kutafuta tangazo la mazishi, kijana huja kutafuta matokeo ya mpira; na wakiwa papo hapo ndipo wanapopata habari kwamba kesho kuna mkutano juu ya nyumba zao.

Na nyumba si jambo dogo kwetu. Kijiji cha zamani cha Pangani kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wengi wakahamishiwa Shauri Moyo. Mwaka 2020 nyumba za halmashauri za Pangani zikabomolewa pia, kupisha magorofa. Mwaka 2024, baada ya mafuriko makubwa, serikali iliamuru watu waondoke kandokando ya mito, umbali wa mita 30, na nyumba nyingi za Mathare zikavunjwa. Siku kama hiyo mwananchi hahitaji hotuba. Ahitaji kujua tingatinga limefika wapi, watoto watalala wapi, na haki yake ni ipi. Nani atamwambia upesi kuliko jirani yake?

Sasa tuulize: nani amlipe jirani huyo? Redio ya jamii hairuhusiwi kisheria kuendeshwa kwa kutafuta faida, na kazi nyingi za namna hii hufanywa kwa kujitolea. Mfadhili akiondoka, mwanasiasa hubisha hodi na bahasha. Anayeipokea leo atapata wapi kinywa cha kumwuliza mheshimiwa maswali siku mtaa utakapobomolewa? Hapo ndipo penye hatari, kwa maana kunyamaza hakuonekani. Matokeo ya mpira yataendelea kutolewa, nyimbo zitaendelea kupigwa, ila habari ile moja tuliyoihitaji itakosekana.

Kwa hiyo nasema gharama na tuibebe wenyewe. Mwenye duka, kinyozi, fundi cherehani na mwalimu wa jioni watoe kidogo kidogo kwa matangazo yao, na hesabu isomwe hadharani. Hili si geni kwetu. Kina mama wa mitaa hii huzungusha fedha za chama kila wiki bila karani wala mlinzi, na kila mmoja ajua zamu yake. Watu wanaoweza hayo hawawezi kushindwa kuwalisha wale wanaowapasha habari.