Excel, mbona unasahau?

Mweka hazina wa chama hufungua Excel, hupanua safu, hugeuza ukurasa ulale, kisha hufanya safu ya simu iwe maandishi ili 0722 isigeuke 722. Akifungua faili jipya, anaanza upya. Jamani, kompyuta iliundwa ikumbuke au isahau?

Dawa ipo, ila imefichwa. Panga faili upendavyo, lihifadhi kama kiolezo kwa jina Book.xltx ndani ya folda ya XLSTART. Folda hiyo imo ndani ya AppData, na Windows huificha AppData! Tena tangu toleo la 2013, ukibofya faili tupu kwenye ukurasa wa mwanzo, kiolezo chako hakitumiki. Mpaka ubonyeze Ctrl+N.

Wengine watasema anayetaka atatafuta. Mbona LibreOffice Calc, ambayo ni ya bure, hukuruhusu kuchagua kiolezo cha kudumu kupitia menyu tu?

Hili si jambo dogo. Mwaka 2020 wanasayansi walilazimika kubadilisha jina la jeni MARCH1 kuwa MARCHF1, kwa kuwa Excel ililigeuza kuwa tarehe. Microsoft walileta swichi za kuzima ugeuzaji wa namna hiyo, pamoja na ule wa kufuta sifuri ya mbele, mwaka 2023.

Waandishi wa programu wenzangu, mtumiaji akirudia mpangilio uleule mara tatu, muulizeni: niuhifadhi? Mkiuhifadhi, msiufiche.